Gita lililonyimwa zamu: santuri ya Otis Rush ya 1969

Santuri hii ikiwekwa, ubishi huanza kabla wimbo wa pili haujaisha. Mmoja atasema ni kazi iliyoharibiwa na watu wa studio, mwingine atasema hao wanaolalamika hawajui ngoma nzuri hata ikiwapiga kifuani. Wa tatu atanyamaza mpaka wimbo wa tano, kisha ataomba urudiwe. Wote watatu wana hoja. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu juu ya *Mourning in the Morning* ya Otis Rush, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi wa Chicago, maana kuiita "nzuri" au "mbaya" hakumsaidii msikilizaji. Ina mabonde na vilima, na sababu za mabonde yake zinaweza kuelezwa.

Kwanza hakika zake. Ilitolewa mwaka 1969 na Cotillion, lebo (kampuni ya kutoa santuri) iliyo tanzu ya Atlantic. Ina nyimbo 11. Ilirekodiwa FAME, studio ya Rick Hall iliyoko Muscle Shoals, jimbo la Alabama, na maprodyuza walikuwa Mike Bloomfield na Nick Gravenites, vijana wawili wa Chicago waliokuwa wakimhusudu Rush tangu walipoanza kuingia kwenye vilabu vya bluzi vya mji huo. Hawakuwa wageni wa muziki huu, wala hawakutumwa waupoozeshe. Walimpenda mtu wao. Na hii ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza nzima ya studio.

Hapo kwenye "ya kwanza" ndipo uzito ulipo. Rush alizaliwa karibu na Philadelphia, Mississippi, akahamia Chicago akiwa kijana mdogo, na mwaka 1956 akatoa wimbo wake wa kwanza, "I Can't Quit You Baby", kwenye lebo ndogo ya Cobra. Wimbo ulifika nafasi ya 6 kwenye orodha ya R&B ya jarida la Billboard. Kati ya 1956 na 1958 akarekodi Cobra nyimbo ambazo mpaka leo mpiga gita wa bluzi asiyezijua hajaanza kujifunza. Cobra ikafa, na miaka iliyofuata Rush akawa wa kuokoteza: wimbo mmoja mmoja kwenye lebo ya Chess, mwingine Duke, nyimbo tano kwenye mkusanyiko wa lebo ya Vanguard wa 1966. Kwa hiyo watu walipoisikia albamu hii walikuwa na njaa ya miaka 13. Msikilizaji mwenye njaa namna hiyo hasamehi.

Sasa nieleze ninachokiona mimi kuwa ndiyo ila yenyewe, kisha tupime maoni ya wengine.

Bluzi ya kawaida huenda kwa vipimo 12, kila kipimo mapigo 4. Ubeti una mistari mitatu, na kila mstari umepewa vipimo vinne. Mwimbaji hatumii vyote vinne. Huimba kiasi cha viwili, kisha hunyamaza, na viwili vilivyobaki ni vya gita kujibu. Mstari wa pili ni ule ule wa kwanza umerudiwa, gita likajibu tena, lakini jibu la pili lazima lizidi la kwanza. Mstari wa tatu unafunga shauri, na jibu la mwisho linamrudisha mwimbaji mwanzo. Katika ubeti mmoja, basi, gita lina zamu tatu. Mtu aliyelelewa na taarab ya Mombasa hahitaji kufundishwa hili. Mwimbaji hutoa mshororo, fidla na kodiani zikamwitikia, kisha akaurudia mshororo ule ule na kuutia ladha nyengine. Ziba pale pa kuitikia na wimbo utabaki na maneno matupu, hata sauti ikiwa tamu vipi.

Katika nyimbo kadhaa za albamu hii, zamu za gita zimepewa saksafoni na tarumbeta. Hilo tu. Gita la Rush limo, sauti yake imo, bendi ni ya watu hodari, lakini pale sikio linapongoja jibu la gita, linakuja pigo la vyombo vya kupuliza lililoandikwa tayari kwenye karatasi. Pigo lililoandikwa halisikilizi mwimbaji amelia vipi mara hii. Ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu hupata jibu moja. Rush alikuwa mtu wa kujijibu mwenyewe, sauti ikifika ukomo gita linaendelea pale pale. Ukimkata hapo umemkata ulimi nusu.

Na mwendo wa wimbo unaongeza tatizo au kulipunguza. Fanya hesabu. Wimbo wa taratibu wa mapigo 60 kwa dakika unampa mjibu vipimo viwili, yaani mapigo 8, yaani sekunde 8. Mtu anaweza kusema jambo zima kwa sekunde 8, akavuta uzi, akautetemesha, akaushusha. Wimbo wa mapigo 120 unampa sekunde 4, na saksafoni zikichukua mbili, gita limebakiwa na nafasi ya kukohoa tu. Ndiyo sababu nyimbo za taratibu ndizo zinazosimama katika albamu hii, na za mwendo wa kasi ndizo zinazogawanya watu.

Wale wanaoikataa karibu yote ni watu wa Cobra, yaani wapenzi wa zile nyimbo zake za mwanzo. Ushahidi wao ni mzuri, kwa sababu albamu yenyewe inauleta: Rush alirudia humo nyimbo alizokwisha kuzirekodi Cobra, "My Love Will Never Die" na "It Takes Time". Zichezeshe pamoja, ya Cobra kwanza. Katika ile "My Love Will Never Die" ya zamani kuna utupu mkubwa nyuma ya sauti, na Rush anapanda mpaka sauti inakaribia kupasuka huku hakuna wa kumshika mkono. Utupu ule ndio unaotisha. Katika toleo la 1969 nyuma yake kuna bendi pana, yenye adabu, iliyopangwa. Anaimba vizuri, hata pengine kwa ukomavu zaidi, lakini hofu imeondoka. Ni kama kuhamisha kilio cha faraghani kukipeleka ukumbini. Katika hili nakubaliana nao bila masharti.

Ninapoachana nao ni pale wanapoilaumu bendi. Sikilizeni majina: Roger Hawkins kwenye ngoma, Jerry Jemmott kwenye besi, Barry Beckett na Mark Naftalin kwenye vinanda, Jimmy Johnson kwenye gita la ridhim, na kijana mmoja aitwaye Duane Allman, ambaye wakati huo alikuwa mpiga gita wa kukodiwa pale FAME. Hawkins, Johnson na Beckett ndio waliojenga sauti ya souli (muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi ya kanisani) ya Muscle Shoals nyuma ya waimbaji akina Wilson Pickett na Aretha Franklin. Hawa si watu wa kuharibu wimbo. Walifanya walichoombwa, tena kwa ustadi. Waliombwa wapige souli, wakapiga souli.

Na hapo ndipo wanaposimama watetezi wa santuri hii, ambao hapa pwani aghalabu ni wapigaji wa bendi za hotelini, watu wa besi na ngoma. Wao huanza na Hawkins. Ngoma yake haina mbwembwe, haina kigongo kilichozidi, na pigo la pili na la nne yanaangukia pale pale kila mara, nyuma kidogo ya unapolitarajia, hata mguu unajikuta umefuata. Jemmott naye haijazi besi noti. Anaacha mapengo, kisha anaingia na noti mbili tatu zinazousukuma wimbo mbele. Mpiga besi anayejifunza angefaidika kuuchukua "Feel So Bad", wimbo wa zamani wa Chuck Willis, na kuufuata mwanzo hadi mwisho bila kujali kingine chochote. Kwa mtu wa namna hii, swali la zamu ya gita si swali. Wimbo unatembea, basi.

Nimegundua jambo lingine linalogawanya maoni, na hili halihusu ladha kabisa. Linahusu spika. Uzi mzito wa besi ukipigwa wazi hutoa sauti ya takriban mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko, haifiki hata karibu. Inachotoa kwa nguvu ni sauti za kati na za juu, na huko ndiko tarumbeta inakoishi. Kwa hiyo anayeisikiliza albamu hii kwenye simu ameondolewa Jemmott wote na nusu ya Hawkins, akaachiwa sauti ya Rush ikigombana na vyombo vya kupuliza. Atasema imejaa makelele, na kwa alichosikia amesema kweli. Mwengine ataisikia kwenye matatu ya Mtwapa yenye mawufa (spika za besi) chini ya viti, ambako besi imezidishwa na za kati zimefifishwa. Huyo atasikia muziki wa kuchezea na gita litampita. Wawili hawa wakikutana barazani watabishana mpaka kahawa imalizike, na kumbe hawakusikia kitu kimoja.

Ukitaka kuipima kwa haki, tumia hedifoni zinazofunika sikio zima, au spika mbili zenye koni ya inchi 6 au zaidi. Rudisha besi na trebo (sauti za juu) katikati, na zima vile vitufe vya kuongeza besi ambavyo redio nyingi za mezani huja navyo vikiwa vimewashwa. Weka spika mbali kidogo na ukuta, kiasi cha futi moja na nusu. Ukizibandika ukutani besi huvimba na kuziba kila kitu, hasa vyumba vyetu vya kuta nene za mawe na sakafu ya saruji. Mkeka au zulia sakafuni hupunguza mwangwi unaoifanya tarumbeta iwe kali. Ukifanya haya tu, nyimbo mbili tatu zitapanda daraja bila mtu kuzigusa.

Sasa nyimbo zenyewe, na sitazipitia zote maana zote hazidai maneno sawa.

Albamu inafunguliwa na "Me", utunzi wa Bloomfield na Gravenites, na kuuweka mwanzo ndilo kosa lililoigharimu albamu kuliko lolote. Si wimbo mbovu. Ni wimbo wa souli uliotungwa vizuri, ambao mwimbaji mwengine wa souli angeuimba sawa. Lakini mtu aliyengoja miaka 13 kumsikia Otis Rush anafunguliwa mlango na mtu mwingine. Dakika tatu za kwanza za santuri humwambia msikilizaji asikilize vipi zilizobaki, na "Me" inamwambia asingoje gita. Wimbo wa pili, "Working Man", unaanza kurekebisha, lakini aliyekata tamaa keshakata.

"My Old Lady" ni wa kuchezea na hauna zaidi. "You're Killing My Love" uko kati na kati: sauti yake humo ina nguvu kweli, ila mpangilio unamsukuma kama basi lililochelewa. "It Takes Time" naona haukuhitaji kurudiwa.

"Reap What You Sow" ni habari nyingine. Huu nao ni wa akina Bloomfield na Gravenites, na unathibitisha kwamba watungaji wale hawakuwa na tatizo. Walipompa wimbo wa taratibu wenye nafasi, Rush aliujaza. Husikii mtu aliyevalishwa nguo ya kuazima. Wasikilizaji wanaoikataa albamu huusahau wimbo huu kwa sababu uko mbali upande wa pili, baada ya mtu keshachoka.

Kisha "Gambler's Blues". Wimbo wa tano, zaidi ya dakika 5, bluzi ya taratibu ambayo B.B. King aliirekodi kabla yake. Hapa karibu pande zote hukubaliana, na si bahati tu. Mwendo ni mpole, kwa hiyo zamu ni ndefu. Gita linapewa nafasi ya kuanza na nafasi ya kujibu. Sikiliza anavyoacha kupiga. Anavuta uzi mmoja, anaufikisha panapotakiwa, anauacha ulie mpaka uishe wenyewe, na hakimbilii noti inayofuata. Wapigaji wengi waliojifunza kwa kasi hawawezi kustahimili ukimya huo. Wangeujaza noti kumi. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri aliyepanga nyimbo, huu ndio ungekuwa wa kwanza upande wa kwanza, na naamini sifa ya santuri nzima ingekuwa tofauti leo.

Wanafunzi wa gita huuliza sauti ile ya kuvuta uzi inatoka wapi, maana wakiiga noti zile zile haitoki. Jibu lake liko kwenye mkono, na linafaa kuelezwa kwa makini.

Rush alikuwa wa shoto, na alipiga gita lililopinduliwa bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi. Kwa mpiga wa kawaida, uzi mnene uko juu karibu na uso wake na uzi mwembamba uko chini karibu na sakafu. Kwa Rush ilikuwa kinyume: mwembamba juu, mnene chini. Albert King, mpiga gita mwengine wa bluzi, naye alikuwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba mpiga wa kawaida akitaka kupandisha sauti ya uzi mwembamba huusukuma juu kwa vidole, kama anayeinua mlango, lakini Rush aliuvuta chini, kama anayevuta kamba ya mashua. Kuvuta chini hutumia mshiko wa kiganja kizima, na mshiko una nguvu na utulivu kuliko kusukuma. Ndiyo maana sauti yake hupanda polepole bila kutetereka njiani, na inapofika juu mtetemo wake ni mpana na wa taratibu.

Mwenye gita la kawaida hawezi kuuvuta uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, chini, utatoka nje ya shingo. Lakini uzi wa tatu unaweza. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti (vile vyuma vinavyokata shingo ya gita) ya 7, na vidole vya kati na shahada nyuma yake kwenye freti ya 6 na ya 5 vikisaidia. Hiyo ni noti ya D. Kwanza piga uzi huo huo kwenye freti ya 9 usikie E, ndiyo noti unayoiendea. Rudi freti ya 7, piga, kisha vuta chini kuelekea sakafuni vidole vyote vitatu kwa pamoja, ukizungusha kifundo cha mkono badala ya kukunja vidole, mpaka uisikie ile E. Hesabu mapigo mawili ya kupanda na mawili ya kubaki juu. Makosa ni mawili makubwa. La kwanza ni kutofika: sauti inaishia chini kidogo ya E na inasikika kama mtu aliyekosa pumzi. La pili ni kuanza kutetemesha kabla ya kufika, na hapo msikilizaji hajui ulikuwa unaenda wapi. Fika kwanza, tulia, ndipo utetemeshe.

Nyuzi za 0.010 zinafaa kuliko 0.009 kwa zoezi hili (huo ni unene wa uzi wa kwanza kwa inchi), kwa kuwa nyepesi hupanda kupita kiasi mkono usipojua. Na hapa kwetu hewa ya chumvi huila chuma. Uzi wenye kutu hukwama kwenye freti, haupandi sawa, na hukatika katikati ya mvuto. Kausha nyuzi kwa kitambaa cha pamba kila umalizapo, juu na chini yake, na gita lirudi ndani ya kasha lake, si ukutani kando ya dirisha linalotazama bahari.

Kuna ushahidi mmoja ambao naona ungemaliza nusu ya mabishano kama watu wangeuweka mezani. Mwaka 1971 Rush aliingia studio San Francisco kurekodi albamu nyingine kwa ajili ya Capitol, na prodyuza alikuwa yule yule Gravenites. Vyombo vya kupuliza vilikuwamo tena. Capitol wakakataa kuitoa. Ikakaa mpaka 1976 ndipo lebo ndogo ya Bullfrog ikaitoa kwa jina la *Right Place, Wrong Time*, na leo wengi wanaihesabu kuwa albamu yake bora kabisa. Mimi pia. Prodyuza huyo huyo, mpiga gita huyo huyo, saksafoni zimo, na bado matokeo ni mbali kama Mvita na Lamu. Basi anayesema ya 1969 iliharibiwa na tarumbeta hana budi kueleza kwa nini tarumbeta hazikuiharibu ya 1971. Maelezo ninayoyaona ni yale ya zamu. Katika ya 1971 vyombo vya kupuliza vinakaa chini ya sauti, vinashika noti ndefu kama wanaoitikia nyuma ya kiongozi, na mstari unapokwisha vinampisha mwenye gita. Nyimbo nazo zilichaguliwa zilizomfaa koo. Gravenites alijifunza. Inauma kwamba alipojifunza, kampuni ikaliacha somo hilo likae rafuni miaka mitano.

Kwa walio na santuri yenyewe, au wanaoikuta kwenye mafungu ya mitumba, neno moja juu ya utunzaji, maana nyingine zinalaumiwa kwa makelele yasiyo yake. Unyevu wa Mombasa, hasa kuanzia masika ya Aprili na Mei, huotesha ukungu ndani ya ganda la karatasi, na ukungu huhamia kwenye mifereji ya santuri. Unasikika kama mafuta yanayokaanga. Changanya sehemu 1 ya spiriti safi ya isopropili na sehemu 4 za maji yaliyotoneshwa. Maji haya huuzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji na si asidi, soma chupa. Usitumie maji ya kisima, yana chumvi itakayobaki ndani ya mfereji ikikauka. Tia tone moja tu la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba kufuata mzunguko wa mifereji, si kuikata, usilowanishe karatasi ya katikati, kisha futa mara ya pili kwa maji matupu yaliyotoneshwa na uiache ikauke ikiwa imesimama. Tupa ganda la ndani lenye madoa, weka jipya. Sindano iwe na uzito wa gramu 1.5 hadi 2.5, kulingana na maelezo yake. Nyepesi mno huruka na kuchana kuliko nzito kidogo.

Lakini mchanganyiko huo usiuguse kwenye sahani za zamani za mizunguko 78, zikiwemo zile za taarab za wazee wetu. Zile zimetengenezwa kwa sheleki, aina ya gundi ya asili, na spiriti huiyeyusha sheleki. Utafuta muziki wenyewe. Kwa hizo ni maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni tu, kisha zikaushwe haraka.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeisikiliza mara ya kwanza si ule uliochapishwa. Anza nje ya albamu, na "All Your Love" ya Cobra ya 1958, ambayo mwanamuziki Ike Turner alikuwamo studioni. Kwa sikio la pwani ni mlango mwepesi, kwa sababu pigo lake la kuanzia linakaribia rumba, kisha katikati linageuka kuwa mwendo wa bluzi wa kurukaruka na kurudi tena. Ikitoka hiyo, weka "Gambler's Blues", halafu "Reap What You Sow", halafu "Feel So Bad". Hapo pumzika. "My Love Will Never Die" iwe ya mwisho, na iwe toleo la 1969 kwanza safari hii, la Cobra baadaye, ili ulipe lile jipya nafasi ya kusikika kabla ya la zamani halijalifunika. Nyimbo sita zilizobaki, ukiondoa "Me", zifae siku nyingine, kwenye wufa nzuri, sikio likiwa kwa Hawkins na Jemmott. Na "Me" yenyewe isikilizwe mwisho kabisa, baada ya kumjua mwenyewe.